Safari ya Mgonjwa wa Mapafu

Mashuuru ni mji mdogo wa nchi ya Wamaasai, upande wa mashariki wa Kajiado, katikati ya mji wa Kajiado na kituo cha reli cha Sultan Hamud. Nchi hiyo ni pana, yenye migunga na vumbi, na mito yake mingi hukauka miezi mingi, kisha hujaa ghafla mvua inyeshapo. Mtu akipatwa huko na ugonjwa mkali wa mapafu, wauguzi walio karibu waweza kumpa msaada wa kwanza. Lakini akizidiwa hata pumzi zikawa haba, hana budi kupelekwa Kajiado, na pengine Nairobi. Safari hiyo ina hatari mbili. Ya kwanza, mgonjwa aweza kufa njiani. Ya pili, ugonjwa wake waweza kuwaingia wale wamchukuao. Katika insha hii tutaeleza jinsi wanadamu walivyojifunza kuzikabili hatari hizo, na jinsi ilivyopita miaka mingi kabla ya kuzitazama zote mbili kwa pamoja.

Habari ya maradhi yaenezwayo kwa pumzi si ngeni kwa wafugaji. Mwaka 1883 ng'ombe wa Wamaasai waliingiliwa na homa ya mapafu, ambayo wao huiita olkipiei. Mwaka 1891 ikafuata sotoka, na mwaka 1892 ndui ikawaua watu wengi. Miaka hiyo ya misiba hukumbukwa kwa jina la emutai, yaani maangamizi. Mfugaji aliyeyaona hayo hakuhitaji kufundishwa kwamba mnyama akohoaye asichanganywe na kundi. Lakini binadamu si mnyama wa zizini. Mtu anapotengwa na wenzake bado anawadai jambo jingine, nalo ni kuuguzwa.

Hata katika miji mikubwa ya Ulaya deni hilo halikulipwa upesi. London, katika miaka ya 1880, halmashauri iliyosimamia hospitali za magonjwa ya kuambukiza ilianza kutumia magari maalumu ya farasi kuwachukua wagonjwa, ili wasipande magari ya abiria wengine. Tangu mwaka 1884 wagonjwa wa ndui walipakiwa katika mashua za moshi na kupelekwa chini ya mto Thames, mpaka kwenye merikebu zilizogeuzwa kuwa hospitali. Mpango huo ulikuwa na faida kubwa kwa wenyeji wa mji. Lakini mgonjwa aliyeshindwa kuvuta pumzi ndani ya mashua hakuwa na chombo cha kumsaidia. Safari ile iliuokoa mji zaidi kuliko ilivyomwokoa mgonjwa.

Huku kwetu somo lilikuja kwa njia chungu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na watu wakaisifu kwa wepesi wake. Mwezi wa Septemba 1918 homa kali ya mafua, iliyokuwa ikizunguka dunia nzima, iliingia Mombasa kwa meli, nayo ikapanda bara kwa reli ileile. Gari la moshi lililobeba barua na nguo likabeba na maradhi. Waliougua mbali na reli walichukuliwa kwa machela, wakipokezanwa mabegani, na waliowachukua mara nyingi waliugua baada yao. Mwaka 1921 ikatungwa Sheria ya Afya ya Umma. Sheria hiyo ilimkataza mwenye ugonjwa wa kuambukiza kupanda gari la abiria bila kumwarifu dereva au mwenye gari, na ikaagiza gari lililombeba lisafishwe kwa dawa. Hapo tena, msomaji ataona, walinzi walikuwa wakiwalinda wazima. Namna ya kumweka hai mgonjwa safarini bado haikujulikana.

Mwanga ulitokea mwaka 1952 katika mji wa Copenhagen, nchini Denmark. Ugonjwa wa kupooza, yaani polio, uliwashika watu wengi hata misuli ya kupumulia ikalegea. Mashine za kusaidia pumzi zilikuwa chache, nazo hazikutosheleza: katika majuma matatu ya kwanza wagonjwa 31 walitibiwa kwa mashine hizo, na 27 wakafa. Ndipo daktari mmoja wa usingizi, Bjørn Ibsen, alipoonyesha kwamba mgonjwa aweza kutobolewa koo, akatiwa mrija, na hewa ikasukumwa mapafuni kwa kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliitwa, wakakaa kando ya vitanda kwa zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko hiyo. Vifo vikapungua sana. Mwaka 1956, katika nchi hiyohiyo, Holger Hesse na Henning Ruben wakabuni mfuko ujazao hewa wenyewe kila uachiliwapo, hata pasipo mtungi wa oksijeni. Tangu hapo pumzi ya mgonjwa haikufungwa tena kwenye mashine nzito iliyosimama sakafuni. Iliweza kupakiwa garini, mradi pawe na mkono wenye ujuzi wa kuuminya mfuko.

Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliunda shirika la Madaktari Warukao wa Afrika Mashariki, ambalo leo twalijua kwa jina la AMREF. Makao ya ndege zake yakawa uwanja wa Wilson, Nairobi. Safari ya siku nzima ikawa ya saa moja. Hata hivyo ndege nayo ina masharti yake. Kadiri ipaavyo juu, hewa huwa nyepesi, na mgonjwa ambaye mapafu yake yamejaa maji hupungukiwa zaidi na oksijeni. Kwa hiyo muuguzi wa ndegeni hupaswa kulijua anga kama ajuavyo dawa.

Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Sehemu ya kuwatenga wagonjwa ilikuwa imetayarishwa katika Hospitali ya Mbagathi, Nairobi, ambayo zamani ilijengwa kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza. Katika mwezi wa Mei 2020 madereva wa malori walipimwa Namanga, na tarehe 16 mpaka wa Tanzania ukafungwa kwa wasafiri, isipokuwa wenye kuleta mizigo. Barabara ya Namanga, ipitayo Kajiado na Kitengela, ikawa kama reli ya mwaka 1918: njia ambayo maradhi yaweza kuijia ndiyo hiyohiyo impelekayo mgonjwa hospitali. Kuifunga kabisa ni kumnyima mgonjwa tiba; kuiacha wazi bila uangalifu ni kuueneza msiba.

Basi safari njema huanza kabla gari halijawashwa. Hospitali impokeayo mgonjwa huarifiwa kwanza, ili kitanda na watu wawe tayari. Mgonjwa hufunikwa mdomo na pua ikiwa aweza kuvumilia, nafasi kati ya dereva na nyuma hufungwa, hewa safi huachwa ipite, na wahudumu huvaa barakoa na mavazi ya kujikinga. Kisha huja hesabu. Tuseme mgonjwa anahitaji lita 10 za oksijeni kila dakika, na safari ni ya saa mbili. Atatumia lita 1,200. Mtungi mdogo wenye lita 680 utamtosha dakika 68 tu. Mitungi miwili itamtosha dakika 136. Gari likizuiwa na mto uliojaa kwa zaidi ya dakika 16, mgonjwa amekwisha. Ndiyo sababu mhudumu mwenye busara hubeba mara mbili ya kile ambacho hesabu yake imemwonyesha, na mfuko wa kuminya kwa mkono hauachi nyumbani. Mwanafunzi adhaniaye kwamba hesabu za darasani hazina kazi duniani na azitafakari dakika hizo 16.

Lipo jambo moja lisiloingia katika hesabu. Kwa desturi zetu mgonjwa husindikizwa na ndugu zake. Mwenye maradhi ya kuambukiza hupakiwa peke yake, na watu wa boma hubaki wakilitazama vumbi. Mzee asiyejua lugha ila Kimaa hujikuta kati ya watu waliofunika nyuso, asielewe aulizwalo wala aendako. Maneno machache ya lugha yake, na habari zipelekwazo nyumbani kwa simu mara afikapo, humtuliza mgonjwa na kuwatuliza waliobaki.

Tangu mashua za Thames hata magari ya leo, wachukuzi wa wagonjwa wamejifunza polepole kwamba kuwalinda wazima na kumponya mgonjwa ni kazi moja. Yule asiyejikinga huwa mgonjwa wa pili, na safari ya pili hukosa mtu wa kuiongoza. Yule ajikingaye tu, akamsahau aliyelala nyuma yake, amefikisha maiti. Vijana wa Kajiado watakaokuwa madereva, wauguzi na madaktari wa kesho wataipokea kazi hiyo katika njia zilezile za vumbi, nao na waipokee wakiwa wamezijua hatari zote mbili.