Boni ya lopitali: nani aliahidi kulipa?

Bandugu na badada, tukisaini kontra ya kwanza, macho yote yanaenda kwenye mshahara. Mistari ya matibabu tunaipita mbio. Siku mke anahitaji opereshoni njo tunaanza kutafuta ile karatasi nyumba nzima. Lopitali inasema asiransi imekataa. Asiransi inasema ugonjwa huu haumo kwenye orodha yake. Bureau ya personeli inasema: "Enda uongee na asiransi." Unazunguka hivyo wiki mbili na mgonjwa analala.

Leo napenda tuangalie mistari hiyo ya matibabu imetoka wapi. Ukijua historia yake, unajua pia mlango wa kugonga.

Kwanza, haikutoka kwenye huruma. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na miaka yake ya mwanzo ilikuwa miaka ya kuzika watu. Wanaume waliletwa kutoka mbali, wakalazwa wengi kwenye nyumba mbovu, na nimonia, tifoidi na kuhara vikawamaliza. Mwaka 1918 ikaja ile homa kubwa iliyozunguka dunia nzima. Waliobaki wazima, wengi walitoroka kabla kontra haijaisha. Kampani ikapiga hesabu: mtu umemlipia safari toka Lomami, au toka Rwanda na Burundi, halafu anakufa au anakimbia baada ya miezi michache, hiyo ni franga iliyotupwa.

Dekreti ya kikoloni ya 16 Machi 1922 kuhusu kontra za kazi iliwalazimisha wenye kazi kumlisha mfanyakazi, kumpa mahali pa kulala na kumtibu. Lakini kilichogeuza maisha ya kambi ni mpango wa kampani yenyewe, kuanzia mwisho wa miaka ya 1920: kontra ya miaka 3, mke akubaliwe kuja, nyumba, posho ya familia, shule. Mganga mmoja Mbelgiji, Léopold Mottoulle, njo aliongoza kazi hiyo katika idara ya wafanyakazi Waafrika, na mwaka 1946 alitoa kitabu kizima kueleza siasa hiyo ya kampani. Mama mwenye mimba alifuatiliwa, mtoto mchanga alipimwa uzito, watoto walipewa chakula cha ziada. Vizuri? Ndiyo, watoto wengi walipona. Lakini tusijidanganye: mtoto aliyezaliwa kambini alihesabiwa kama mfanyakazi wa kesho, na ambaye hatahitaji kusafirishwa.

Kolwezi yetu ilianzishwa 1937 ndani ya hesabu hizo. Nyumba, shule, posho, dawa, vyote vilitoka mkono mmoja. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika historia ya familia hizi katika kitabu kilichotoka 2001, na jina lake tu linaeleza yote: kinawaita Bana Shaba watoto walioachwa na baba yao. Baba ni kampani. Wazee wetu walisema hivyo bila kuona haya: kampani njo baba, kampani njo mama.

Mimi naona neno hilo lilituumiza. Baba anatoa kwa mapenzi yake; akikosa, unanyamaza, unangoja. Nani anamshitaki baba yake? Lakini sheria haijasema neno baba. Union Minière ilipoitwa Gécamines baada ya kutaifishwa, tayari kulikuwa na Sheria ya Kazi ya 9 Agosti 1967, na iliyopo leo ni ile ya 16 Oktoba 2002, namba 015/2002. Kifungu chake cha 178 kinasema mwenye kazi analazimika kumpatia mfanyakazi na familia yake matibabu, upasuaji, meno, dawa na kulazwa lopitali, wakati wa ugonjwa, aksida, mimba au kuzaa, hata kama ugonjwa haukutoka kwenye kazi. Hata wakati kontra imesimama kwa muda. Mpaka wapi? Mpaka mwisho wa kontra.

Shikeni maneno hayo manne ya mwisho, kwa sababu watu zaidi ya elfu kumi waliangukia pale.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Ikafuata uporaji wa 1991, kisha ndugu zetu wa Kasai wakafukuzwa, na wengi wao walikuwa mafundi wenye ujuzi. Ilipofika 2003 kampani haikufikisha hata tani 20,000. Boni ya lopitali ilikuwa bado inatolewa, lakini ukifika farmasi, etajeri tupu. Mshahara ulikaa miezi na miezi bila kulipwa. Haki ilikuwapo kwenye karatasi, na karatasi haishushi homa.

Ndipo ikaja operesheni ya "départs volontaires", 2003 na 2004, kwa pesa za Benki ya Dunia. Wafanyakazi 10,655, karibu nusu ya wote, walikubali kuondoka wakalipwa mara moja. Kuondoka kwa hiari, walisema. Lakini mtu asiyelipwa tangu zamani ana hiari gani? Siku aliposaini, kontra ilikwisha, na pamoja nayo boni ya lopitali kwa yeye, mke na watoto. Wengi waliona pesa ile, hawakuona hiyo sehemu nyingine iliyotoka mlangoni. Pesa ikaisha haraka, na magonjwa ya uzee yakaanza wakati mlango umeshafungwa.

Walilalamika. Walijipanga kwenye kolektifu, wakasema malipo ya mwisho hayakuhesabiwa jinsi Sheria ya Kazi na makubaliano ya kampani yanavyotaka. Mwaka 2009 malalamiko yao yakafika Washington, kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Lakini jopo lile si tribinali. Linachunguza kama Benki imefuata kanuni zake yenyewe. Haliwezi kuamuru Gécamines imlipe mtu hata franga moja. Kugonga mlango wenye nguvu ni kitu kimoja, kugonga mlango wenye uwezo wa kukupa unachodai ni kitu kingine.

Sasa turudi kwetu sisi, maana wengi hatutatumika Gécamines. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza pamoja na CAJJ ya hapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi 5 mikubwa ya kobalti na shaba: walikadiria kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia sutretansi, yaani kampuni za katikati. Jambo lingine: tangu sheria ya asiransi ya 2015 ilipovunja ukiritimba wa SONAS, kampuni za binafsi zimeingia, na mwenye kazi anaweza kununua asiransi ya afya kwa watu wake. Kwa hiyo kati yako na aliyekuahidi wamesimama watu wawili wapya, na kila mmoja anaweza kukuelekeza kwa mwingine.

Lakini someni tena kifungu cha 178. Anayetajwa pale ni mwenye kazi. Asiransi haitajwi. Kampuni ikinunua asiransi ya bei chini isiyolipa figo wala meno, hayo ni mapatano yao wawili. Asiransi ikikataa, deni halihamii kwako, linarudi kwa mwenye kazi. Kwa maoni yangu hapo njo moyo wa jambo lote, na bureau za personeli hazina haraka ya kulieleza.

Basi ukikataliwa, usibishane kwenye telefone. Omba kukataa kwao kuwe kwa maandishi, na sababu yake. Omba ripoti ya munganga, na fakture yenye jina la mgonjwa. Hakikisha mke na watoto wameandikwa kwenye dosie yako, maana dosie nyingi zinaangukia hapo tu. Andika barua kwa mwenye kazi, si kwa asiransi, taja kifungu, na wakupigie muhuri na tarehe kwenye kopi yako. Kopi nyingine mpe delege wa sendika. Wakinyamaza au wakikataa tena, enda kwa Inspekta wa Kazi. Huwezi kumruka: sheria inasema tribinali ya kazi haipokei kesi ambayo haijapita kwanza kwake kwa upatanisho. Yeye anawaita wote wawili. Mkikubaliana, anaandika, msipokubaliana, anaandika pia, na ile proseverbali ya kutokubaliana njo tiketi yako ya kuingia tribinali. Watu wengi wanaitupa wakifikiri ni karatasi ya kushindwa!

Na wale wa sutretansi wanaoambiwa kila asubuhi getini, "Weye ni jurnalie, hauna boni"? Sheria hiyohiyo ya 2002 ina hesabu yao. Mtu wa kazi ya siku kwa siku akiisha kutimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, na akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo 2 kwisha, anahesabiwa ana kontra isiyo na tarehe ya mwisho. Na mwenye kontra ana kifungu cha 178. Kwa hiyo mwambieni ndugu yenu anayepanda basi ya saa kumi na moja kwenda kule: kila karatasi ya malipo, kila badge ya getini, kila orodha yenye jina lake, apige foto na aweke.