Kunywesha pampu

Ukingoni mwa mfereji karibu na Wang'uru, huko Mwea nchini Kenya, jua likiwa bado halijachoma, mkulima wa nyanya amepiga magoti mbele ya pampu yake ya petroli. Kamba ya kuwashia hajaigusa. Anafungua kifuniko kidogo kilicho juu ya tumbo la pampu, anainua mtungi, anamimina maji polepole. Mapovu yanapanda na kupasuka, maji yanashuka, anamimina tena. Maji yakisimama mdomoni bila kushuka, ndipo anapofunga kifuniko na kuvuta kamba.

Mafundi wana neno la kitendo hicho: kupraimu. Wamelitoa kwenye Kiingereza na kulivika kiambishi cha Kiswahili, na wao kwa wao wanaelewana. Tatizo huanza neno hilo linapomfikia mtu aliyenunua pampu jana. Halimwambii afanye nini wala kwa nini. Makala haya yanalitetea neno jingine, ambalo wafugaji wamelitumia tangu zamani kwa ng'ombe na mbuzi: kunywesha.

Mpunga wa Mwea kwa sehemu kubwa hauhitaji pampu. Skimu iliyoanzishwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari ya kikoloni, hulishwa na mito ya Thiba na Nyamindi, na maji hushuka yenyewe kwa mteremko kutoka mfereji mkubwa hadi mdogo. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, limeongeza akiba bila kuibadilisha kanuni hiyo. Wenye haja ya pampu ni wale ambao mashamba yao yako juu ya mfereji, wakulima wa nyanya na mishiri (maharagwe mabichi), na wafugaji wa samaki wenye mabwawa yasiyofikiwa na mteremko.

Pampu zao nyingi hufanya kazi kwa impela, gurudumu lenye mapanga linalozunguka ndani ya tumbo la chuma na kurusha kilichomo kutoka katikati kwenda pembeni. Kilichomo kikiwa maji, nafasi inayobaki katikati hujazwa mara moja na maji mengine kutoka mferejini. Kikiwa hewa, hakuna la maana litakalotokea, kwa kuwa hewa ni nyepesi kuliko maji kwa takriban mara 800. Pampu yenye uwezo wa kupandisha maji mita 20, ikizungusha hewa tupu, haiyanyanyui hata sentimita 3. Injini itanguruma, petroli itaisha, sili ya shafti inayopozwa na maji yaleyale itaungua, na mfereji utabaki ulivyo.

Kwa hiyo lazima inywe kwanza.

Maneno mengine yamejaribiwa. "Kutayarisha pampu" ni pana mno, maana hata kuipangusa vumbi ni kuitayarisha. "Kuanzisha" huchanganywa na kuwasha, na kuwasha kabla ya kuweka maji ndilo kosa lenyewe. "Kujaza maji" linakaribia sana, ila linaishia kwenye tumbo la pampu. Mtu hujaza tumbo akasahau mpira wa kuvutia, wenye urefu wa mita kadhaa na hewa tele ndani yake. "Kutoa hewa" ni msemo mzuri wa gereji, lakini fundi wa magari anaposema anatoa hewa huwa ana maana ya breki au mfumo wa dizeli, na hapo hakuna anayemimina maji kutoka mtungini.

Kunywesha kunabeba yote mawili, maji yanayoingia na sababu ya kuyaingiza. Tena neno hili huzaa, na istilahi isiyozaa ina faida ndogo. Tundu la kumiminia maji linakuwa tundu la kunyweshea. Zile pampu zinazoitoa hewa mpirani zenyewe zinaitwa pampu za kujinywesha, na hata hizo huhitaji tumbo lijazwe mara ya kwanza. Iliyo tayari imenywa. Iliyopoteza maji usiku kwa sababu valvu ya chini, ambayo mafundi huiita futivalvu, haifungi sawasawa, imeyatema. Mkulima anayesema "pampu imetema" tayari amemwelekeza fundi pa kuanzia.

Lugha nyingine zimepita njia ya kuvutia. Mfaransa akinywesha pampu hutumia kitenzi kilekile cha kutia chambo kwenye ndoana, na Mhispania vilevile. Kwao pampu ni kama samaki: huonjeshwa kidogo ili ivute kingi. Kwa Kiswahili inakuwa mfugo, na katika Mwea, ambako ng'ombe wa kukokota bado wanaonekana matopeni wakiandaa mashamba ya mpunga, picha hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Chambo na pampu hukutana kweli katika boti za uvuvi wa burudani, hasa Marekani. Boti hizo huwa na tangi la samaki hai, ambamo pampu ndogo ya umeme wa volti 12 huingiza maji mapya ili chambo na samaki waliovuliwa wasife kwa kukosa oksijeni. Pampu hiyo hukaa chini ya usawa wa maji, kwa hiyo hunyweshwa na ziwa lenyewe. Lakini boti ikitolewa majini na kurudishwa, hewa huweza kukwama kwenye paipu. Mwenye boti kuukuu husikia pampu ikivuma huku tangi likibaki kavu, akadhani imekufa. Isipovuma kabisa, aanze na fyuzi na nyaya zilizoota kutu ya kijani. Ikivuma bila maji, aangalie kwanza tundu la kuingizia maji lisiwe limezibwa na majani, kisha aitoe hewa. Wengi huirudisha boti nyuma kidogo ili maji yasukumwe ndani. Hii ni hewa iliyokwama, na dawa yake ni kuifungulia njia. Pampu iliyo juu ya mfereji ina kiu tu.

Kuna neno moja katika mjadala huu linalodanganya, nalo ni "kuvuta". Pampu haivuti maji. Mwanafizikia Mwitaliano Evangelista Torricelli alieleza mwaka 1644 kwamba sisi huishi chini ya bahari ya hewa yenye uzito, na uzito huo ndio unaoyasukuma maji kupanda kwenye paipu iliyoondolewa hewa. Pwani, ukomo wake ni kama mita 10. Wang'uru, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ukomo ni kama mita 9. Mjini Nyeri, palipo juu zaidi, ni mita 8 na kidogo. Hiyo ni hesabu ya pampu kamilifu, ambayo haipo. Pampu inayofanya kazi vizuri Mombasa ikiwa mita 7 juu ya maji ya kisima inaweza kushindwa Nyeri kwa kimo hichohicho, na mwenyewe akamlaumu aliyemuuzia. Aisogeze chini, karibu na maji.

Ufa kwenye mpira nao ni adui. Anayekunywa kwa mrija uliotoboka hupata hewa badala ya soda. Povu la sabuni likipakwa kwenye maungio pampu ikifanya kazi, hufyonzwa ndani mahali penye tundu.

Kiingereza kililipeleka neno lake la kupraimu hadi kwenye uchumi: serikali kumwaga fedha kidogo ili biashara zianze kuzunguka. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2009, na sehemu ya fedha ikachimba mabwawa ya samaki 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Kiswahili kiliuita mpango wa kuchochea uchumi, neno la moto na kuni. Kwa uchumi linafaa. Kwa bwawa lenyewe hesabu ni ya maji: likiwa na kina cha mita 1 ni lita 300,000, yaani saa 10 za pampu inayotoa lita 500 kwa dakika. Kituo cha samaki cha Sagana, kilichoanzishwa mwaka 1948, hakiko mbali na Mwea, na vifaranga wa tilapia wanaotoka huko hawana subira na bwawa ambalo halijajaa.

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya maboksi ya pampu aghalabu ni vya Kiingereza. Wauzaji wa Wang'uru, Karatina na Nyeri wanaweza kubandika karatasi moja kwenye tangi la petroli, yenye sentensi tatu: Nywesha pampu kabla ya kuwasha. Hakikisha na mpira wa kuvutia umejaa. Maji yakikatika, zima injini kwanza, kisha tafuta mahali hewa inapoingilia.