Ufichuzi (katika mashauri ya madai)

Ufichuzi *nm* [u-] Hatua ya shauri la madai, kabla ya kusikilizwa, ambapo kila mdaawa humtaka mwenzake atoe taarifa na hati alizonazo kuhusu mgogoro.

Asili. Nomino hii imetokana na *fichua*, kinyume cha *ficha*, kama *fungua* ilivyo kinyume cha *funga*. Wapo wanaoandika *ugunduzi*, lakini neno hilo halifai hapa. Anayegundua hupata jambo lisilojulikana, ilhali anayefichua hutoa alichokuwa nacho. Wajibu ni wa mwenye hati.

Matumizi. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, ambazo kanuni zake za mashauri ya madai zilianza kutumika mwaka 1938, mdaawa humpelekea mwenzake maombi ya ufichuzi bila kupitia kwa jaji. Muda wa kujibu kwa kawaida ni siku 30. Ukipita kimya, anayejiwakilisha bila wakili hana budi kutofautisha maneno matatu:

1. Ombi hutoka kwa mdaawa. Likipuuzwa, mahakama haina habari, kwa kuwa maombi haya hayawekwi katika jalada la shauri mpaka yatakapohitajika humo. Mwombaji humwandikia kwanza mpinzani wake, hujaribu kwa nia njema kuafikiana naye, na huhifadhi nakala na tarehe. Akishindwa, humwomba jaji amlazimishe mpinzani kujibu, akithibitisha kwamba alijaribu.

2. Amri hutoka kwa jaji. Anayeikaidi anaweza kuadhibiwa, hata dai lake kufutwa au hukumu kutolewa dhidi yake. Ni kosa, basi, kuandika kwamba mpinzani “amekaidi ombi”: ombi hupuuzwa, amri hukaidiwa.

3. Ukiri ni kukubali kwamba jambo ni kweli. Mdaawa aliyetakiwa kwa maandishi akiri au akane jambo, naye asijibu kwa wakati, huhesabiwa kuwa amelikiri, wala haihitajiki amri ya kumlazimisha. Ukiri huo huondolewa kwa idhini ya mahakama tu. Hivyo anayejitetea mwenyewe akiiweka kando karatasi hiyo kwa kudhani ni barua ya kawaida, huenda akapoteza shauri kabla ya kusikilizwa.

Mifano. *Mdai aliwasilisha maombi ya ufichuzi, lakini mdaiwa hakujibu. Jaji alitoa amri ya ufichuzi wa stakabadhi zote za malipo.*

Tanbihi. Utaratibu huu usichukuliwe kuwa wa kila nchi. Nchini Tanzania, kwa mfano, maswali ya maandishi kwa upande wa pili hutolewa kwa idhini ya mahakama. Majimbo ya Marekani nayo yana kanuni zake, na muda wa kujibu huweza kutofautiana.

Linganisha: *ufunuo, ugunduzi, ushahidi, kielelezo.*