Usiku wa Kungoja Juu ya Bahari

Wasikilizaji, habari za safari za angani zina mashujaa wengi waliosifiwa kwa wepesi wao. Leo napenda kuwasimulia habari ya rubani aliyeokoa watu kwa kungoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba, mwaka 1956, eropleni ya abiria ya kampuni ya Pan American ilikuwa njiani kutoka Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, kwenda San Francisco. Ilikuwa ya namna iitwayo Boeing Stratocruiser, yenye injini nne, na kila injini ilikuwa na silinda 28. Ndani yake walikuwamo abiria 24 na wanahewa 7, mkuu wao akiwa Kapteni Richard Ogg.

Walipokwisha kupita nusu ya njia, rafadha ya injini ya kwanza ilianza kuzunguka kasi kupita kiasi, wala haikutii tena. Desturi ni hii: injini ikiharibika, rubani huyageuza mapanga ya rafadha yaelekee upepo kwa makali yake, yakatulia, yasizuie mwendo. Hayo hayakuwezekana. Kapteni akaikatia injini mafuta ya kulainisha hata ikakwama. Lakini rafadha iliendelea kuzungushwa na upepo, ikakivuta chombo nyuma. Mwendo ukapungua, na petroli ikaliwa kupita hesabu. Halafu injini ya nne nayo ikaishiwa nguvu, ikabidi izimwe. Petroli iliyobaki haikutosha kufika San Francisco, wala kurudi Honolulu.

Kwa bahati njema, katikati ya bahari ile ilikuwako meli ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, jina lake Pontchartrain, iliyowekwa pale kupima hali ya hewa na kusaidia wasafiri. Kapteni akaiendea. Ndipo lilipokuja shauri gumu: atue gizani, au angoje kupambazuke? Akitua usiku, hawezi kuyaona mawimbi vema. Akingoja, huenda injini ya tatu ikafa. Akachagua kungoja. Kwa saa nyingi eropleni ikazunguka juu ya meli, na kila galoni ya petroli iliyochomwa ilikipunguzia chombo uzito, kipate kutua polepole na kuelea zaidi.

Saa zile hazikupotea bure. Kapteni alijua kwamba Machi 1955, mbele ya pwani ya Oregon, eropleni ya namna ile ile ilitua baharini, mkia ukakatika, na watu wanne wakafa. Basi akaagiza abiria wa nyuma wahamishiwe mbele, nao wakatayarishwa kwa mshindo.

Kulipokucha, meli ilimwaga povu juu ya maji ili kumwonyesha njia. Saa 12 na robo asubuhi eropleni iligusa bahari, ikageuka ghafula, na mkia ukakatika kama alivyohofu. Mkiani hapakuwa na mtu. Abiria wakaingia katika mashua za mpira, wakaokotwa na mabaharia wa meli. Na dakika 20 hivi baada ya kutua, eropleni ikazama. Watu wote 31 waliokoka.

Wazee husema, subira ni ufunguo wa faraja. Lakini na ijulikane kwamba subira ya Kapteni Ogg haikuwa ya kukaa bure na kutazamia bahati. Alingoja huku akitengeneza kila jambo lililokuwa mikononi mwake, hata alfajiri ilipofika ikawakuta tayari.