Faili la Maneno ya Siri: Hadithi ya Chumvi, Unga na Karatasi Moja

Leo hatuandiki programu, tunapiga hadithi. Ni hadithi ya faili dogo ambalo wengi wetu tunaosimamia seva za Apache tumewahi kulitengeneza: faili la maneno ya siri.

Mwaka 2006 nilikuwa kwenye saiba moja mjini Kisii, nalipa kwa dakika. Shule moja kule Nyamira ilinipa kazi ya kuweka alama za mitihani kwenye tovuti, walimu pekee wazione. Nikaandika amri htpasswd -c, nikamsajili mwalimu wa kwanza. Ikakubali. Nikairudia amri ile ile kwa wa pili, wa tatu, hadi wa ishirini na mbili. Nilipojaribu kuingia kwa jina la yule wa kwanza, seva ikanikatalia. Kufungua faili, nikakuta mstari mmoja tu: wa mwalimu wa mwisho. Ile -c maana yake ni kuanzisha faili jipya, na kama lipo la zamani linafutwa bila swali. Basi nikalipa saa nyingine, nikaanza upya.

Lakini kosa hilo lilikuwa dogo. Kosa kubwa lilikuwa mfukoni mwangu: karatasi ambayo walimu wote waliniandikia maneno yao ya siri. Kemunto2006. Nyaboke. Moraa. Na Moraa tena, kwa mwalimu mwingine. Yalikuwa majina ya watoto na mama zao. Ukiita Moraa siku ya soko pale Keroka, watageuka watu kadhaa!

Kosa hilo lilianza kabla sijazaliwa. Mwaka 1961, chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha CTSS, mfumo ulioongozwa na Fernando Corbató, ambapo watu wengi walitumia kompyuta moja. Ili kila mtu awe na mafaili yake, kila mtu alipewa neno la siri. Maneno yote yaliwekwa kwenye faili moja, yakiwa wazi kabisa. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr alitaka muda zaidi wa mashine kuliko aliogawiwa. Akaomba faili hilo lichapishwe, na likachapishwa. Hakuvunja kitu. Siri ilikuwa pale, imeandikwa, sawa na karatasi yangu.

Waliotengeneza Unix katika miaka ya 1970 walifuata wazo tofauti: kwa nini kompyuta ilijue neno lenyewe? Ni kama kusaga wimbi. Punje zinakuwa unga, lakini unga haurudi kuwa punje. Seva inahifadhi unga tu, ambao mafundi wanauita hashi. Ukija kuingia, inasaga neno ulilotoa na kulinganisha unga na unga.

Hapo ndipo wale walimu wawili wa Moraa wanapoleta shida. Neno moja, unga mmoja. Mwizi akiliona faili anajua mara moja kwamba wanatumia neno lile lile. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza dawa yake, nayo wakaiita chumvi: kabla ya kusaga, kila mtu anaongezewa herufi mbili za kubahatisha, zenye uwezekano wa aina 4,096. Sasa Moraa wawili wanatoa unga tofauti.

Wakati huo huo walichunguza maneno ya siri 3,289 ya watumiaji. Kati ya hayo, 2,831, yaani asilimia 86, yalikuwa mafupi mno au yalipatikana kwenye kamusi na orodha za majina. Kwa hiyo walimu wangu hawakuwa wajinga kuliko wengine. Walifanya walichofanya watu wote.

Wavuti ulipokuja, Rob McCool wa NCSA aliandika seva yake mwaka 1993, pamoja na programu ndogo ya htpasswd. Apache iliyotokana nayo mwaka 1995 ikairithi. Kila mstari wa faili una jina, nukta mbili, halafu hashi. Lakini njia ya Unix ilirithiwa na udhaifu wake: ilisoma herufi nane za kwanza tu. Kwenye seva yangu ya Linux ya 2006, Kemunto2006 na Kemunto2 yalikuwa neno moja!

Na kompyuta ziliendelea kuwa na kasi. Ndiyo maana mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières walileta bcrypt, ambayo inasaga polepole kwa makusudi, ili anayekisia achoke.

Ukitazama safari yote hiyo utaona jambo moja: kila hatua ilimpunguzia mtunza faili kile anachokijua. Mlinzi mzuri wa maneno ya siri ni yule asiyeyajua. Kazi ya miaka 45 niliivuruga mimi kwa karatasi moja.

Karatasi niliichoma. Nikarudi Nyamira na kompyuta, kila mwalimu akachapa neno lake jipya mwenyewe, mimi nikitazama dirishani.

Leo tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na alama za mtoto ni data yake. Kama bado unatumia htpasswd, basi: -c mara ya kwanza tu, -B ili upate bcrypt, faili likae nje ya folda ya tovuti, na ukurasa upite kwenye https, kwa maana bila hiyo neno linasafiri karibu uchi. Na usiombe mtu akuandikie neno lake la siri.