Stempu mbili zilizobeba fuvu la Rusinga

WATU wengi wanapokitaja kisiwa cha Rusinga hukumbuka kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969 na kuzikwa katika ardhi hiyo ya ukoo wake. Si ajabu, kwani kaburi hilo ndilo huwavutia wageni wavukao kutoka Mbita. Hata hivyo, miaka miwili kabla ya msiba huo, Rusinga ilikuwa imekwisha kusafiri kote Afrika Mashariki na ng'ambo, ikiwa imebandikwa kwenye pembe ya bahasha.

Mwaka 1967, idara ya posta iliyozihudumia kwa pamoja Kenya, Uganda na Tanzania ilitoa seti ya stempu nne za ukumbusho kuhusu mambo ya kale. Moja ilionyesha michoro ya miambani, nyingine kichwa cha udongo, nyingine chungu. Ile ya shilingi moja na senti 30 ilikuwa na picha ya fuvu la mnyama aitwaye Proconsul, ambaye mabaki yake mashuhuri kuliko yote yalichimbuliwa Rusinga.

Mnyama huyo alirejea kwenye stempu mwaka 1982. Wakati huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilikuwa imevunjika tangu 1977 na Kenya ilikuwa na posta yake yenyewe. Seti ya mwaka huo ilihusu asili ya binadamu, nayo pia ilikuwa na stempu nne: Australopithecus boisei kwa shilingi mbili, Homo erectus na Homo habilis kwa shilingi tatu na senti 50 kila mmoja, na Proconsul africanus kwa shilingi tano. Mkongwe wa wote, kwa mamilioni ya miaka, ndiye aliyepewa thamani ya juu zaidi.

Stempu ya ukumbusho hutofautiana na ile ya kawaida kwa kuwa huchapishwa kwa muda maalumu, ili kuadhimisha mtu, tukio au kitu. Serikali huichagua picha hiyo kama mtu achaguavyo picha ya kutundika sebuleni: huamua nini mgeni akione kwanza. Ndiyo maana yafaa kuuliza fuvu hili lilikuwa wapi lilipopewa heshima hiyo ya mwaka 1967. Jibu ni kwamba lilikuwa London.

Kisa chenyewe kilianza Oktoba 2, 1948. Mtafiti Louis Leakey alikuwa akishughulika na mabaki ya mamba wa kale kisiwani humo, kazi ambayo haikumvutia sana mkewe, Mary. Mama huyo alijitenga akawa anatembea kwenye mteremko uliomomonyoka, macho yakiwa chini. Akaona vipande vya mfupa, kisha jino. Baada ya kuchekecha udongo na kuunganisha vipande hivyo, kazi iliyohitaji subira kubwa, uso wa mnyama ulijitokeza. Hapo awali sayansi haikuwa imewahi kuuona uso wa kiumbe wa jamii ya sokwe wa zama hizo.

Jina Proconsul lilikuwepo tayari. Lilitolewa mwaka 1933 na Arthur Tindell Hopwood wa makavazi ya Uingereza, kutokana na mabaki yaliyopatikana Koru, magharibi mwa Kenya. Hopwood alifanya mzaha wa kisomi: Consul lilikuwa jina la sokwe wa maonyesho aliyewachekesha watu Ulaya, na kiambishi 'pro' humaanisha aliyetangulia. Kwa hiyo mnyama wa Nyanza, mwenye umri wa takriban miaka milioni 18, akabaki na jina la mtangulizi wa mchekeshaji wa jukwaani.

Mary Leakey alisafiri kwa ndege hadi Uingereza mwaka huo huo wa 1948 akiwa amelipakata fuvu hilo, na kumfikishia Profesa Wilfrid Le Gros Clark wa Chuo Kikuu cha Oxford alichunguze. Waandishi wa habari walimlaki kwa shauku. Umaarufu huo ulileta fedha: mfadhili Charles Boise aligharimia utafiti zaidi, na Leakey akapata mashua ya kuvukia ziwa, iliyoitwa Miocene Lady. Miaka 11 baadaye, fuvu lililopatikana Olduvai, Tanganyika, liliitwa boisei kwa heshima ya mfadhili huyo. Msomaji atakumbuka kwamba hilo ndilo jina lililo kwenye ile stempu ya shilingi mbili ya 1982. Mtoa fedha na mnyama aliyemfanya azitoe wakakutana katika seti moja ya posta.

Fuvu lilibaki London. Kadiri miaka ilivyopita, wenyeji wake huko walianza kulihesabu kuwa mali yao, na Kenya ilipolidai ikaonekana kana kwamba inaomba zawadi irudishwe. Lililoamua shauri ni karatasi: nyaraka zilizohifadhiwa Nairobi zilionyesha kwamba lilipelekwa kwa mkopo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likarejeshwa Kenya. Hivyo stempu ya 1967 ilionyesha kitu ambacho Mkenya hangeweza kukitazama nchini mwake, ilhali ile ya 1982 ni ya zama ambazo fuvu lilikuwa likirejeshwa. Mwandishi huyu haoni mfano bora kuliko huo wa umuhimu wa kuhifadhi barua za zamani.

Kwa nini Rusinga? Jibu limo katika mlima wa volkeno wa kale uitwao Kisingiri, ulio upande wa bara karibu na kisiwa hicho. Majivu yake yalikuwa na kalisi kwa wingi, nayo yaliwafunika wanyama, majani, mbegu na hata wadudu kabla hawajaoza, kisha yakagandamana kuwa mwamba. Wakati huo Ziwa Victoria halikuwepo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulieleza visiki vya miti vilivyogeuka mawe, ushahidi kwamba mnyama huyu aliishi katika msitu mnene ambao matawi yake yaligusana. Alitembea juu ya matawi kwa miguu minne kama kima, lakini hakuwa na mkia.

Uchimbaji wa miaka ya 1980 huko Kaswanga, kisiwani humo humo, ulitoa mifupa ya wanyama kadhaa wa aina hiyo, wakubwa kwa wachanga. Mifupa hiyo iliwasaidia wataalamu kutambua kwamba mnyama wa Rusinga si yule wa Koru. Mwaka 1993 alipewa jina la heseloni, kumuenzi Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi bega kwa bega na Leakey kwa miongo mingi. Wachimbaji wa aina yake ndio waliokuwa na macho makali kuliko wote, lakini majina yao hayakuandikwa mara nyingi kwenye jalada la kitabu. Ni vyema kwamba lake limo katika sayansi, ijapokuwa lilichelewa.

Mwaka 2015 mabadiliko yalikwenda mbali zaidi. Kundi la wataalamu, wakiwemo Wakenya Fredrick Kyalo Manthi na Emma Mbua, lilimtoa mnyama wa Rusinga katika ukoo wa Proconsul na kumwekea ukoo mpya, Ekembo. Neno hilo limetoka katika lugha ya Kisuba, ambako ndiko kuitwa kwa wanyama wa jamii hiyo. Wasuba ndio wenyeji wa Rusinga na Mfangano. Wengi wao leo huzungumza Kijaluo, na lugha yao ya asili imo hatarini kutoweka.

Kwa anayekusanya stempu, matokeo yake ni haya: ile ya shilingi tano ya mwaka 1982 imeandikwa Proconsul africanus, jina ambalo wataalamu sasa wamewaachia wanyama wa Koru na maeneo jirani. Fuvu la Mary Leakey linaitwa Ekembo heseloni, neno moja la Kisuba na jina la mchimbaji Mkenya. Hakuna hata moja kati ya stempu hizo mbili iliyo na jina hilo.