Historia ya Makaa Yanayonasa Sumu, na Jinsi Yanavyorudishiwa Nguvu



Miaka kumi ya Ushirika wetu imetufunza kutunza mizani, magunia na mabomba ya kupulizia dawa. Katika kijitabu hiki cha kumbukumbu twaona yafaa kueleza habari za kitu kidogo kikaacho ghalani pamoja na mabomba hayo, ambacho asili yake yajulikana na wachache: makaa yaliyomo ndani ya mkebe wa barakoa ya mpulizaji.

Mwaka 1773 Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Sweden, aliona kwamba makaa hushika gesi. Mwaka 1854 John Stenhouse, Mskoti, alieleza matumizi ya makaa katika barakoa na katika vichujio vya kuondoa uvundo hewani. Kisha, mwaka 1900 na 1901, Raphael von Ostrejko alipata hataza za kuyatia makaa mvuke katika moto mkali hata yakatoboka vitundu visivyohesabika. Gramu moja tu ya makaa hayo yaweza kuwa na eneo la mita za mraba 1000, yaani kama robo ekari. Humo ndimo sumu hunaswa.

Gesi ya klorini ilipotumiwa vitani mwaka 1915, haja ya makaa hayo ilizidi sana. Huko Marekani, mwaka 1918, wananchi walikusanya kokwa za matunda ili zichomwe makaa ya barakoa. Hata vifuu vya nazi, ambavyo watu wa pwani huwashia moto, vilionekana kutoa makaa bora kabisa.

Lakini ghala lililojaa halipokei tena gunia. Vitundu vikijaa, sumu hupita. Je, makaa hayo yatupwe? Viwanda vya sukari vya karne ya 19 vilikuwa vimekwisha kujibu: makaa ya mifupa yaliyochakaa kwa kusafisha sukari yalichomwa upya tanuruni na kutumika tena mara nyingi. Hivyo ndivyo ifanywavyo leo kwa makaa ya vichujio vikubwa vya hewa viwandani. Penye mvuke wa viyeyusho, mvuke wa maji hupitishwa kuutoa, nao hupozwa na kurudi kuwa kimiminiko cha kutumika tena. Penye uchafu uliogandamana, makaa hutiwa katika tanuru yenye joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi pamoja na mvuke wa maji. Kila mara hupungua kiasi cha asilimia 5 hadi 10, na gesi itokayo hapana budi iteketezwe au isafishwe, isije ikarudi hewani.

Hapo ndipo penye onyo letu. Kazi hiyo ni ya tanuru, wala si ya jikoni. Mkebe wa barakoa usioshwe, usianikwe juani, wala usiwekwe motoni: sumu iliyonaswa yaweza kumrudia mwenyewe. Usipotumika, ufungwe vema, maana makaa huendelea kunasa mvuke hata yakiwa rafuni. Ukisikia harufu ya dawa ndani ya barakoa, toka shambani upesi. Lakini usingoje harufu, kwani ziko sumu zisizonuka. Badilisha mkebe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji.

Nanyi makatibu na watunza ghala, msiihesabu bei ya mikebe mipya kuwa hasara. Mkebe hununuliwa tena. Pumzi ya mwanachama haina duka.